Nzi wa maua, mbawakawa, nyigu au bomba: umkabidhi nani vidukari wa bustani yako?

Mvua zikishakatika mwezi wa tano, kilimo cha mboga Tabora na Kigoma huhamia mabondeni: bonde la Luiche upande wa Ujiji, mbuga za Uyui na Urambo, na kila palipobaki unyevu wa kuchimba kisima kifupi. Chainizi, figiri, kabichi, nyanya na bamia hustawi, na vidukari, ambao wakulima wengi huwaita wadudu mafuta, nao hustawi. Jike mmoja huzaa watoto hai bila dume, na mtoto huanza kuzaa akiwa na wiki moja hivi. Ndiyo maana jani lililokuwa safi Jumatatu unaweza kulikuta limejikunja wiki inayofuata.

Njia za kuwapunguza ziko nne: kumtegemea nzi wa maua, mbawakawa wa madoa, nyigu wadogo wa vimelea, au kushika bomba la kupulizia dawa. Maoni yetu tunayatoa mapema. Kwa mboga za majani laini za kiangazi, nzi wa maua ndiye wa kutegemewa kwanza, mradi maua yawepo bustanini kabla vidukari hawajaingia. Kwa tumbaku na nyanya hafai kuwa tegemeo. Na kwa maharage yanayosumbuliwa na virusi vya batobato, hakuna hata mmoja kati ya hao wanne atakayekuokoa, kwa sababu tutakazozieleza mbele.

Hakikisha unamtazama yeye

Nzi wa maua ana jozi moja ya mabawa. Nyuki na nyigu wana jozi mbili. Vipapasio vyake ni vifupi sana, vya nyuki vinaonekana bila shida. Macho yamechukua karibu kichwa kizima, na kwa spishi nyingi macho ya dume hukutana utosini wakati ya jike yameachana. Hana mwiba, mistari ya njano na nyeusi ni ya kuwatisha ndege tu. Alama isiyodanganya ni namna anavyoruka: husimama hewani mahali pamoja, huchomoka pembeni, kisha hurudi palepale.

Wa kuchanganywa naye kwa hasara kubwa ni nzi wa matunda, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 kisha akaenea ukanda wote na sasa anaozesha maembe. Naye ana njano na ana umbo la nyigu. Lakini huyu hasimami hewani. Hutembea juu ya tunda akitanua mabawa, bawa lina mstari mwembamba wa giza kwenye ukingo wa mbele, na jike ana ncha kali mkiani ya kutobolea ganda. Mwenye miembe na bustani pamoja ajihadhari pia na mitego: vibao vya njano vyenye gundi hunasa nzi wa maua kwa wingi, maana rangi hiyo huwavuta. Usiviweke karibu na maua uliyoyapanda kwa ajili yao.

Si wote wanakula vidukari

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Familia ya nzi wa maua, Syrphidae, ina spishi zaidi ya 6,000 zilizokwisha kupewa majina, na wakubwa wao, yaani nzi waliokomaa, karibu wote hula nekta na chavua. Tofauti iko kwa mabuu, yaani watoto wao wanaofanana na funza. Ukimchagua nzi kwa kumtazama akiwa juu ya ua, unaweza kuwa unamshangilia asiye na kazi yoyote kwenye kabichi yako.

Kundi la kwanza ndilo la mboga. Ischiodon aegyptius ni wa kawaida sana barani Afrika: mwembamba, urefu wa milimita 8 hadi 10 hivi, tumbo jeusi lenye mabaka ya njano yaliyopinda. Wapo pia Betasyrphus adligatus, Allograpta, na Paragus, ambao ni wadogo, karibu milimita 5, na rahisi kupitwa na jicho. Mabuu wa hawa wote huwinda vidukari.

Kundi la pili ni wanene, wanaofanana na nyuki kweli kweli: Eristalinus, ambao macho yao yana madoa au mistari, na Phytomia. Mabuu wao huishi kwenye maji machafu yenye vitu vinavyooza, kama mifereji ya mazizi, mashimo ya samadi na madimbwi yaliyojaa majani. Wana mrija mrefu mkiani wa kuvutia hewa juu ya maji, na mrija huo hurefuka kupita mwili wenyewe. Hawali kidukari hata mmoja. Kazi yao ni uchavushaji, na kwenye maua madogo ya wazi kama ya mwembe, kitunguu cha mbegu na karoti ya mbegu, wanaifanya vizuri.

Wengine tuwapitie haraka. Mabuu wa Syritta na Ornidia hula vitu vilivyooza, mabuu wa Microdon huishi ndani ya viota vya sisimizi, na wa Eumerus hukutwa kwenye vitunguu na mizizi ya chakula iliyokwisha kujeruhiwa au kuanza kuoza. Ukikuta funza ndani ya kitunguu, tafuta kwanza kilichokijeruhi.

Kazi ya buu, siku kwa siku

Jike hutaga yai moja moja, jeupe, refu kama milimita 1, katikati ya vidukari au kando yao. Kwa joto la Tabora huanguliwa baada ya siku 2 au 3. Buu hana miguu wala macho. Hujipapasa usiku na jioni, humnyanyua kidukari hewani na kumfyonza hadi ibaki ganda. Kwa siku 7 hadi 10 za kukua, buu mmoja wa spishi hizi anaweza kumaliza vidukari mia kadhaa. Kisha hugeuka pupa, umbo la tone, ameshikamana na jani, na baada ya wiki moja hivi nzi hutoka.

Hesabu hiyo ina mtego. Sehemu kubwa ya mlo wa buu huliwa katika hatua yake ya tatu, yaani siku za mwisho. Siku nne za mwanzo anakula kidogo mno, na mkulima anayechungulia siku ya tatu huona vidukari wanaongezeka, hukata tamaa na kupuliza dawa. Anaua walinzi kabla hawajaanza kazi, na vidukari waliobaki hawana tena wa kuwazuia.

Mtego wa pili ni muda. Kutoka yai hadi jike mpya anayetaga ni wiki tatu au zaidi, kwa sababu jike akitoka kwenye pupa lazima kwanza ale chavua ndipo mayai yake yakomae. Chainizi huanza kuvunwa baada ya siku 30 hadi 45. Kwa hiyo kizazi cha kwanza cha mabuu ndicho kinachosaidia tuta lile, na kizazi cha pili ni cha tuta linalofuata. Anayepanda bustani nzima siku moja na kuing'oa siku moja hupoteza faida hiyo yote. Anayepanda matuta kwa kupishana wiki mbili mbili huivuna.

Kumtambua buu kwenye kabichi kunahitaji utulivu, maana hufanana na kiwavi. Kiwavi ana kichwa kigumu kinachoonekana na ana miguu. Ukimgusa kiwavi mdogo wa kabichi, hujinyonganyonga na kujishusha kwa uzi. Buu wa nzi wa maua amechongoka mbele, hana kichwa cha kuonekana, ngozi yake inapitisha mwanga na utumbo huonekana ndani. Rangi huwa kijani, maziwa au kahawia. Dalili nyingine ni mavi yake: michirizi myeusi ya kunata kwenye jani. Ukiiona pamoja na maganda matupu ya vidukari, mlinzi yupo hata kama humwoni mchana.

Mbawakawa wa madoa: mlafi anayechelewa

Tunawazungumzia wale wa mviringo, wekundu au wa njano wenye madoa meusi, kama Cheilomenes lunata. Faida yao juu ya nzi wa maua iko wazi: mkubwa na mtoto wote hula vidukari, na mkubwa huishi wiki nyingi, hivyo mbawakawa mmoja hula kwa muda mrefu zaidi. Mayai huwa ya njano, yamesimama kwa makundi ya 10 hadi 40. Mtoto ana miguu sita na hufanana na mamba mdogo mweusi. Wakulima wengi humwua wakidhani ndiye mharibifu.

Udhaifu wao ni kwamba wanapenda karamu kubwa. Hutaga kwa wingi mahali vidukari walipokwisha kujaa, na wakipungua, huhama. Nzi wa maua hutangulia: jike wake hunasa kundi dogo mapema, na mara nyingi hukwepa kundi ambalo tayari lina mabuu wa wenzake, kwa hiyo mayai husambaa bustanini. Kwa mboga inayouzwa kwa majani safi, anayewahi ana thamani kuliko mlafi anayekuja jani likiwa limeshajikunja. Kwa kunde iliyoachwa hadi kukauka, ambako majani yaliyojikunja si hasara kubwa, tungemchagua mbawakawa bila kusita.

Tahadhari moja: si kila mbawakawa wa madoa ni rafiki. Wale wenye vinyweleo, wasiong'aa, wenye madoa mengi, wanaokaa kwenye maboga na mimea ya jamii ya nyanya, ni jamii ya Epilachna. Wanakula majani, na watoto wao wana miiba mwili mzima.

Nyigu wadogo: wapole na wenye shabaha

Nyigu hawa ni wadogo kuliko sisimizi wengi na hawaumi mtu. Diaeretiella rapae hushambulia kidukari wa kabichi. Aphidius colemani hushambulia kidukari wa pamba anayekaa kwenye bamia na tikiti, na wengine. Jike hutaga ndani ya kidukari, na baada ya wiki moja na siku chache kidukari huvimba, hukauka na kuwa na rangi ya majani makavu au shaba. Tundu la duara mgongoni humaanisha nyigu ametoka.

Ubora wao ni kutafuta. Nyigu humpata kidukari aliye peke yake kwenye jani la ndani, mahali ambapo jike wa nzi wa maua asingeona sababu ya kutaga. Pia kidukari aliyekauka hushikamana na jani bila kutambaa, jambo ambalo wateja wa sokoni huvumilia kuliko buu anayetembea. Lakini nyigu ni mchaguzi: asiyefaa kwa aina ya kidukari uliyenaye hana msaada wowote. Buu wa nzi wa maua hula aina nyingi. Na tusisahau kwamba buu mwenye njaa humla kidukari aliyekwisha kutagwa ndani yake na nyigu pia, kwa hiyo wawili hawa si washirika wa kudumu.

Nzi wa maua naye ana nyigu wake. Diplazon laetatorius hutaga ndani ya yai au buu changa la nzi wa maua na hutoka kwenye pupa. Ukikusanya pupa tupu, zichunguze: nzi wa maua hufungua kifuniko upande wa mbele, nyigu huacha tundu lililotafunwa. Pupa nyingi zikiwa na matundu, usitegemee kizazi kijacho.

Kwa walinzi wote watatu, adui mkuu ni sisimizi. Wanalamba utomvu mtamu wa vidukari na kuwafukuza wote wanaokuja. Ukiona njia ya sisimizi inayopanda shina, shughulikia hiyo kwanza: toa nyasi na majani yanayogusana kati ya mimea ili wakose daraja, zungushia majivu makavu chini ya shina na uyarudishie kila baada ya kumwagilia, kwani yakilowa hayazuii kitu.

Bomba: kasi na gharama yake

Hakuna anayeshinda bomba kwa kasi. Tatizo ni kinachofuata. Dawa kama cypermethrin na lambda-cyhalothrin huua mabuu, mbawakawa na nyigu pamoja, na mabaki yake kwenye jani huendelea kuua kwa siku kadhaa. Imidacloprid hufyonzwa na mmea na hufika hadi kwenye nekta na chavua, kwa hiyo ukiipuliza au kuimwagia karibu na maua, umetega sumu mezani kwa nzi mkubwa. Kidukari wa tumbaku na mboga, Myzus persicae, anajulikana duniani kwa kujenga usugu dhidi ya dawa nyingi. Walinzi wake hawana kasi hiyo, ndiyo maana baada ya mpulizo wa tatu au wa nne vidukari hurudi wengi kuliko mwanzo.

Sabuni ni ya kati na kati. Mililita 10 hadi 15 za sabuni ya maji isiyo na marashi makali kwa lita 1, yaani mililita 150 hadi 225 kwa bomba la lita 15. Huua kwa kugusa tu, kwa hiyo chini ya majani pakikosa kulowa umepuliza bure. Ikikauka haiachi sumu. Mambo mawili huiharibu. La kwanza ni maji magumu ya kisima: povu likigoma kutokea na utando mweupe ukaelea, sabuni imeshikwa na chumvi za maji na haitaua. La pili ni jua: puliza asubuhi mapema au jioni, na jaribu kwanza kwenye mimea mitano kwa saa 24, kwa sababu chainizi changa huungua. Sabuni huua pia buu itakayemgusa, kwa hivyo pulizia mimea iliyozidiwa na uiache ile yenye mabuu.

Namna ya kuamua kama ushike bomba: pita kwenye mimea 20 bila kuichagua, ukipindua majani. Nusu au zaidi ya makundi ya vidukari yakiwa na mayai, mabuu, watoto wa mbawakawa au vidukari waliokauka, subiri siku 4 au 5, kisha hesabu tena. Makundi yakiwa mengi na walinzi hakuna kabisa, sabuni siku hiyohiyo.

Maua ndiyo malipo yake

Huwezi kumtegemea nzi wa maua bila chavua ya karibu. Mdomo wake ni mfupi, hivyo anahitaji maua madogo yaliyo wazi. Giligilani ndiyo chaguo letu la kwanza, ikifuatiwa na shamari, kisha karoti iliyoachwa itoe maua. Ua la kunde au maharage limefungwa. Linahitaji nyuki mwenye nguvu, na nzi wa maua hawezi kulifungua. Mti wa mtundu wa msituni, unaowapa nyuki wa Tabora kazi kuanzia mwezi wa tisa, uko juu na mbali mno kwa bustani ya Julai.

Giligilani huchukua wiki 6 hadi 8 kutoa maua, kwa hiyo mbegu ziingie ardhini mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kila punje ina mbegu mbili: ipasue kidogo kwa kuviringisha chupa juu yake, loweka usiku mmoja, panda kina cha sentimita 1 hadi 2, na punguza miche ibaki sentimita 15 kati ya mmoja na mwingine. Ukanda wa nusu mita kwenye kingo za matuta unatosha, ila upande kwa awamu tatu, wiki tatu tatu, kwa sababu maua ya awamu moja hayafiki mwisho wa msimu. Kosa la kawaida ni kuivuna yote ikiwa majani kwa kuwa ina soko. Gawa mapema ya kuuza na ya kuacha.

Figiri au chainizi iliyozeeka ikatoa maua ya njano nayo huwalisha nzi, lakini ni chanzo cha vidukari pia. Iache ikiwa na mabuu. Ukianza kuona vidukari wenye mabawa wengi, ing'oe na uifukie. Kishona nguo pembezoni hufaa, ukiweza kuifyeka kabla haijakomaza mbegu.

Zao na mlinzi wake

Chainizi, figiri na kabichi changa: nzi wa maua, akisaidiwa na Diaeretiella. Siku ya kuvuna, loweka majani kwenye maji ya chumvi dakika 10 na uyasuuze, maana pupa na mabuu humfukuza mteja hata kama hawana madhara. Kabichi iliyokwisha kufunga ni shauri jingine: vidukari wakiwa ndani ya tabaka, wote wanne wamechelewa.

Bamia na tikiti: nyigu kwanza, nzi wa maua wa pili. Kunde za mbegu: mbawakawa.

Tumbaku na nyanya zina vinyweleo vyenye gundi. Buu hujikokota kwa tumbo, hivyo hunaswa au huchoka, na nyigu mdogo hupata shida hiyohiyo. Kwenye tumbaku fuata ratiba ya kukata vikonyo na kuondoa machipukizi, kwa kuwa vidukari hupenda sehemu hizo changa.

Maharage ya Kasulu na Buhigwe: kidukari huambukiza batobato kwa kuonja jani kwa sekunde chache tu, na virusi hivyo hupita pia kwenye mbegu. Mlinzi anayehitaji siku 10 kumaliza kundi la vidukari hana nafasi hapo. Fedha yako iende kwenye mbegu safi au aina inayostahimili, na mimea yenye dalili ing'olewe mapema.

Maembe na kitunguu cha mbegu: hii ndiyo kazi ya Eristalinus na Phytomia. Wapo wanaoshauri kuweka ndoo za maji ya samadi ili kuwazalisha. Sisi hatushauri hivyo karibu na nyumba, kwa sababu maji hayohayo machafu huzalisha mbu wa Culex. Zizi la jirani na majani yanayooza kwenye mifereji huwatosha; kilichobaki ni kutopulizia mwembe dawa za kuua wadudu wakati umechanua.